Tangazo la Watu Wawili Ufuoni

Tangazo lenyewe lilipitia WhatsApp, kwenye kundi la walimu ambalo mke wangu yumo, kundi ambalo humletea ofa za kila aina, kuanzia mitungi ya gesi hadi viwanja vya Kitengela. Picha ilikuwa moja tu. Mchanga mweupe, mnazi umeinamia maji, viti viwili virefu vya kulalia, na watu wawili wametugeuzia mgongo wakitazama bahari. Nyuso hazionekani. Juu yake yameandikwa maneno machache: ofa ya kiangazi kwa wapenzi, usiku tatu, chakula asubuhi na jioni, ufuo wenu peke yenu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, unaambiwa kwamba hiyo bei ni ya mtu mmoja mkilala wawili.

Mke wangu alinitumia na neno moja: "Hapa."

Mamake alikuwa amefariki mwezi Machi, baada ya miaka miwili ya kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Baada ya mazishi kulikuwa na hanga, baada ya hanga arobaini, na katika siku zote hizo sikumbuki kumwona mke wangu akiwa peke yake hata kwa dakika kumi. Kwao ni Gazi, Kwale. Mimi ni mtu wa bara. Kwetu watu huja, wanakula, wanachanga, wanaenda. Kwao watu walikuja wakakaa. Kufikia Agosti, shule zilipofungwa, alitaka kitu kimoja tu: siku tatu bila mtu wa kumwambia pole. Tukalipa.

Tangu safari hiyo nimekuwa nikiyasoma matangazo ya aina hii kwa makini kuliko yanavyostahili, na nimeamua kwamba ni utanzu kamili, una kanuni zake kama shairi la tarbia. Wahusika ni wawili, hawazidi, hawapungui. Bahari iko mbele, haina chombo. Upepo haupo. Maji yamejaa siku zote. Na muhimu kuliko yote, hakuna mtu mwingine. Hakuna muuza madafu, hakuna mtoto anayefundishwa kuogelea na kakake, hakuna mama anayepita na ndoo ya samaki kichwani. Hata mhudumu aliyeleta hizo glasi mbili za juisi ameshaondoka. Mkenya yeyote aliyewahi kukanyaga mchanga wa Pwani anajua kwamba mahali pa namna hiyo hapapo. Lakini tunalipa, tena kwa mapenzi, halafu tunafika na kushangaa.

Anza na hilo neno kiangazi. Katika tangazo la mwezi wa Agosti, hilo ni neno lililohamishwa kutoka Ulaya bila kupimwa. Kule, Julai na Agosti ndiyo miezi ya jua, watu wanafunga ofisi na kukimbilia baharini. Huku kwetu kiangazi ni ule ukavu wa Januari hadi Machi, wakati kaskazi inavuma, joto limepanda, bahari imetulia na wazamiaji wanaona chini. Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, unaanza kupata nguvu masika yakiingia na hauachi hadi karibu Oktoba. Mawimbi yanapanda, maji yanachafuka, na katika fuo kadhaa mwani unarundikana mchangani kama majani ya kulisha ng'ombe. Si wakati mbaya. Kuna baridi tamu ya usiku, na wale wanaopenda kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara wanausubiri huo upepo kwa hamu. Ila si ile picha. Wavuvi wa Pwani wamepanga maisha yao kwa pepo hizi mbili kwa karne nyingi, na majahazi ya Uarabuni na Uhindi yalikuja na kurudi kwazo. Mwandishi wa tangazo hakuhitaji utafiti mkubwa. Angemuuliza bawabu wake tu.

Mke wangu alijua yote haya, bila shaka. Amezaliwa ndani yake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema kitu, alinijibu kwamba hakuwa ameangalia bahari kwenye ile picha. Alikuwa ameangalia ile migongo miwili, na hakuna mtu nyuma yao.

Nadhani hapo ndipo nguvu ya tangazo ilipo, na mhakiki anayelicheka haraka haraka hajalielewa. Haliuzi bahari. Linauza kutokuwepo kwa watu. Na kuna nyakati maishani, hasa kwa mwanamke ambaye amekuwa mtoto wa mgonjwa, mlezi wa wadogo zake, mpokezi wa wageni na mwalimu wa darasa la wanafunzi hamsini, ambapo kutokuwepo kwa watu ni kitu cha kununuliwa kwa bei yoyote. Kwa hiyo sisemi kwamba tangazo lilidanganya kuhusu haja yetu. Haja lilikuwa limeijua vizuri kuliko mimi. Lilikosea dawa.

Tulifika Diani siku ya bamvua. Kwa msomaji wa bara: bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Yakijaa yanajaa kweli, na yakipwa yanapwa kweli, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya juu na chini ndani ya saa sita hivi. Asubuhi yetu ya kwanza, saa nne, tulishuka na taulo zetu tukakuta bahari imeondoka. Ilikuwa imerudi huko mwambani, ikaacha vidimbwi, mchanga wa mawimbimawimbi na watu wengi mno wanaotembea. Kumbe ufuo una wenyewe. Watoto walikuwa wanatafuta kombe. Wanawake wawili walikuwa wanaokota kitu nisichokijua. Vijana walikuwa na ngamia. Wengine waliuza vikoi, wengine safari ya mashua, na mmoja alitusalimia kwa Kijerumani kabla hajatuangalia vizuri, akacheka, akasema, "Ah, samahani boss, kumbe ni sisi."

Upande wetu, kamba. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo fupi, kutoka mwisho wa ukuta mmoja wa hoteli hadi mwisho wa ukuta wa pili, na askari mwenye kofia alikuwa anatembea kando yake, kwenda na kurudi. Ndani ya kamba, viti virefu. Nje ya kamba, kila mtu mwingine.

Siku ya pili, kama saa nane na nusu mchana, tulikuwa tumelala kwenye viti vyetu, maji yakiwa yameanza kurudi, mke wangu akaketi ghafla. Mzee mmoja mwenye kikoi na shati jeupe alikuwa amesimama nje ya kamba, mkononi ameshika mfuko wa kitambaa. Hakuita. Alikuwa amesimama tu, kama mtu anayesubiri mlangoni baada ya kupiga hodi.

"Mjomba!" mke wangu akasema, akakimbia na leso yake. "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

Kuna mtu alikuwa amemwona stendi ya Ukunda. Habari zikafika Gazi. Na kwa kuwa ilikuwa kusi, ngalawa yake ilikuwa imevutwa juu siku kadhaa, hana kazi, akaona aje. Alipanda boda mpaka kwenye njia ya umma, akatembea mchangani, hoteli baada ya hoteli, akiangalia viti. Askari alifika kabla sijafika mimi. Alikuwa mpole, lazima niseme. Alieleza kwamba mzee haruhusiwi kuvuka hapo, kwamba kama ni mgeni wetu azunguke lango kuu aandikishe jina na aache kitambulisho, na kwamba chakula cha nje hakiingii.

"Huyu ni mjomba wangu," mke wangu alisema.

"Najua madam. Lakini ndio kazi."

Mjomba ndiye aliyetuokoa aibu. "Haidhuru mwanangu," alisema. "Mimi nasimama hapa hapa. Hapa ni kwa Mungu."

Kwa Mungu na kwa Katiba pia. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kuwa na hati ya shamba lake, bustani yake na bwawa lake. Mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji si wake. Kwa hiyo hayo maneno "ufuo wenu peke yenu," yanayorudiwa katika matangazo mengi kiasi kwamba hayasomwi tena, yanauza kitu ambacho muuzaji hana. Ukimuuzia mtu kiwanja cha namna hiyo Kitengela utatafutwa na polisi.

Lakini sheria ilikuwa na kasoro moja ambayo sikuwahi kuifikiria hadi siku hiyo. Maji yalikuwa yanajaa. Kadiri tulivyozungumza, yeye nje na sisi ndani, ndivyo mahali pake pa umma palivyozidi kupungua. Kwanza yalifika kwenye viatu vyake, akavivua. Kisha kwenye vifundo vya miguu. Akakunja kikoi. Alikuwa anatueleza habari za nyumba ya marehemu, nani amepewa mbuzi, bati gani limeng'oka, na huku anarudi nyuma hatua moja moja akiikaribia kamba. Ilipokaribia saa kumi maji yalikuwa chini ya ukuta, na bamvua likifika ukutani ufuo wa umma unakwisha hadi maji yatakapopwa tena. Alimpa mke wangu ule mfuko juu ya kamba. Ulikuwa na mkate wa kumimina, umefungwa kwenye karatasi ya gazeti, kutoka kwa mkewe. Askari aliangalia upande mwingine. Mjomba akaaga, akashika njia na kikoi chake kimelowa mpaka magotini.

Mke wangu alikaa kwenye kiti kile kirefu, mfuko mapajani, akalia. Hakuwa amelia hangani. Sikuwa na la kusema, nikakaa.

Kuna filamu inayoijua hiyo kamba. Mwaustria Ulrich Seidl alipeleka Cannes mwaka 2012 filamu yake Paradise: Love, inayomfuata Teresa, mwanamke wa miaka hamsini hivi anayekuja Pwani ya Kenya kutafuta mapenzi na kuishia kuyanunua. Ndani yake kuna onyesho ambalo ukishaliona halikutoki. Wazungu wamelala kwenye viti kwa mstari, kamba imetandikwa, na upande wa pili vijana wamesimama kimya wakiwatazama. Kamera haisogei. Seidl amelichukua lile lile tangazo, akalipanua pembeni kidogo, na watu wote waliokuwa wamekatwa wakaingia kwenye picha. Kama uhakiki wa tangazo, sijaona mwingine ulio mkali hivyo.

Hata hivyo, baada ya siku ile Diani niliitazama tena nikaona kinachokosekana. Wale waliosimama nje ya kamba ya Seidl wote wanataka kitu. Filamu inawafuata hadi majumbani, inatuonyesha dada ambaye si dada na mtoto ambaye ni mgonjwa, na kila njia inaishia kwenye pochi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusalimia. Hakuna mwenye mkate wa kumimina. Kwa kuifichua kamba, msanii mwenyewe amebaki upande wa viti, kwa maana anayetazama kutoka kitini hawezi kujua nani kati ya wale ni muuzaji, nani tapeli, na nani ni mjomba wa mtu. Mimi pia nisingejua. Mzee yule angekuja kunisimamia mimi peke yangu, ningegeuka upande.

Nikageukia vitabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka 2019, msichana Ayaana wa Pate hana baba, naye anajichagulia mmoja, baharia mzee Muhidin anayerudi kisiwani. Katika The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, iliyotoka 2021, Aisha wa Mombasa anaingia baharini na paka anayesema ili kumtafuta babake mvuvi aliyepotea. Ni riwaya mbili tofauti sana kwa mwendo na kwa lugha, lakini zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja ambalo tangazo halilijui: baharini ndiko waliko jamaa zako. Ukitazama maji, unatazama upande watakaotokea. Hakuna mtu wa Pate au wa Gazi anayeketi mbele ya bahari ili asione mtu.

Najua kuna msomaji atakayeniambia, ndugu, acha mahaba ya kijiji. Ulishawahi kutembea Diani ukafuatwa na vijana watano nusu kilomita? Ndiyo, nimewahi, na ni kero kweli. Wapenzi wana haki ya kuketi bila kuuziwa kitu. Nami simlaumu askari, wala simwambii mtu aliyefanya kazi mwaka mzima kwamba asitake utulivu. Ninachouliza ni kama utulivu huo unapatikana kwa kufukuza watu ufuoni, au kuna njia nyingine ambayo Pwani yenyewe iliijua kabla hoteli hazijajengwa.

Ipo. Nenda mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukaingie nyumba ya mawe. Nje kuna daka lenye baraza, anayepita anaketi, anazungumza, anaenda. Ukivuka mlango unakuta kiwanda, ua ulio wazi juu, na baada yake vyumba vinafuatana, kila kimoja cha siri kuliko kilichotangulia, mpaka ufike ndani kabisa ambako hakuna mgeni anayefika. Hiyo ndiyo faragha kwa Kiswahili chake halisi. Watu hawaondolewi. Wanapewa mahali pao, na wewe unapewa pako, na mlango uko kati. Aliyejenga hivyo alijua kwamba mke na mume wanahitaji kufungiana mlango, na alijua pia kwamba kesho asubuhi mjomba atakuja. Tangazo la hoteli limegeuza mambo. Chumba chenye kuta nyembamba unachosikia kikohozi cha jirani, halafu ufuo ndio unaofungwa kamba.

Ukiniuliza sasa mpenzi wako umpeleke wapi, sitakupa orodha ya hoteli kumi. Nitakuambia usome tangazo kwa kutafuta vilivyofutwa, kisha uulize. Tunakuja mwezi gani, na wakati huo unavuma upepo gani? Kama ni Agosti na hamwezi mwezi mwingine kwa ajili ya shule, nendeni, lakini nendeni kwa ajili ya upepo, vitanda vizuri na matembezi ya jioni, msiende kwa ajili ya maji ya kioo. Mwezi utakuwa na siku ngapi? Maji mafu yanawafaa wanaotaka kuogelea saa yoyote. Bamvua linawafaa wanaotaka kutembea hadi mwambani asubuhi. Watamu kuna hifadhi ya bahari tangu 1968, na samaki wake wataonekana zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa kusi. Kisha uliza swali ambalo halimo kwenye tovuti yoyote: mtu wa hapa akija kunisalimia, ataketi wapi?

Desemba, wiki ya kwanza, kabla bei za Krismasi hazijapanda, tulirudi. Mke wangu ndiye aliyechagua. Hakukuwa na tangazo. Alimpigia simu mama mmoja wa Msambweni anayekodisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, akamuuliza hayo maswali yote kwa Kidigo, nami nikaelewa moja kati ya matano. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, feni, na mlango mzito wenye komeo la ndani. Mbele kulikuwa na baraza. Kaskazi ilikuwa imeanza na bahari ilikuwa imelala.

Siku ya kwanza tulifunga mlango tukalala hadi alasiri, na hakuna aliyebisha. Siku ya pili mjomba alikuja, akaketi barazani, akanywa chai, akaniita mkwe kwa mara ya kwanza, akataka kujua Nyeri kuna samaki gani. Nikamwambia kuna wa mtoni tu, wadogo. Alinisikitikia kwa dhati. Baada ya saa moja hivi alisimama, akasema anawaacha mpumzike, akaenda zake kwa njia ya mchangani. Maji yalikuwa yamepwa, na ufuo wote ulikuwa wazi.